Ng'ombe Walioshuka Bila Maua

Lahnegg, kijiji chetu, haina mahabusu. Ina nyumba ishirini na tatu zilizotawanyika mlimani, kila moja imempa jirani yake kisogo, ina kanisa, ina baa ya Bi Zita, na ina banda la zimamoto lenye kitasa kizuri. Ndiyo maana Silvano Borgatti, Mtaliano aliyekuja kutukamulia ng'ombe, alilala usiku wa Jumapili juu ya mipira ya maji, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye gurudumu la pampu.

Jumatatu saa tatu asubuhi Inspekta Kassian Ranalter alifika kutoka mjini, akaambiwa kesi imekwisha. Aliyemwambia ni Othmar, askari wetu, mtu mnene mwenye roho nzuri. Kwa miaka kumi na minane Othmar hakuwahi kukamata mtu ila walevi na mwindaji haramu mmoja, naye alikuwa shemeji yake.

"Saa kumi alasiri gari linakuja kumchukua," Othmar alisema. "Wewe weka saini tu, Bwana Inspekta, upate supu, urudi zako."

"Nikiweka saini anakwenda wapi?"

"Kwa hakimu. Halafu kifungo cha maisha. Na hana hata mtu wa kumletea soksi."

"Nieleze kwanza. Supu baadaye."

Othmar alieleza. Vinzenz Gstrein, mwenye boma la Gstrein, alipanda malisho ya juu siku ya Ijumaa mchana, kwa mdogo wake Gebhard na huyu Silvano, waliokaa na ng'ombe huko tangu Juni. Jumamosi Gebhard akawateremsha ng'ombe. Silvano akabaki nyuma kufunga kibanda. Jumapili asubuhi mwindaji akamkuta Vinzenz chini korongoni, kichwa kimepasuka. Daktari akasema alikufa Ijumaa jioni. Kando ya maiti ilikuwapo fimbo ya Silvano, ile yenye ncha ya chuma.

"Na mwezi wa nane," Othmar alimalizia, "huyu aliposhuka kuleta jibini, marehemu alimzaba kibao mbele ya baa nzima. Eti kaharibu jibini. Huyu naye akajibu, 'Siku moja utapanda juu peke yako.' Tumesikia wote. Kuna nini tena?"

"Jeraha likoje?"

"Kisogoni. Pana kama kiganja, bapa."

"Fimbo haipigi bapa, Othmar."

"Basi ni mwamba, alipoanguka."

"Daktari amekuta mchanga? Kokoto?"

Othmar alikuna shingo. "Amekuta kibanzi cha mti kwenye nywele."

Ranalter alikuwa mtu wa bonde la pili, mtoto wa wafugaji, mfupi, mwenye miguu ya kupanda milima na adabu kidogo. Alifungua banda, akageuza ndoo ya zimamoto, akaikalia mbele ya Silvano.

"Kwenu wapi?"

"Tambarare, karibu na mto mkubwa," Silvano alijibu. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Kwetu mlima ni tuta la kuzuia mafuriko."

"Fimbo ni yako?"

"Yangu. Ijumaa asubuhi niliiacha mlangoni. Jioni haikuwepo."

"Nani aliichukua?"

"Yeyote. Huko juu fimbo ni kama kikombe, anatumia aliye karibu."

"Vinzenz alifika saa ngapi?"

"Saa tisa. Alinipita bila salamu, akauliza Gebhard yuko wapi. Nikamwambia yuko ukingoni, anang'oa nguzo za ua kabla theluji haijazivunja. Akaenda huko. Jioni Gebhard akarudi peke yake, akasema kaka yake kavuka mlima kwenda bonde la pili, kuonana na wale watu wa kampuni ya lifti. Wale wanaotaka malisho yetu wajenge njia za watelezaji wa theluji, na lifti za kuwapandisha mlimani."

"Malisho yetu?"

Silvano aliinamisha uso. "Malisho yao. Ulimi umeteleza."

Ranalter alimshika mkono ule ulio huru, akaugeuza. Vidole vilikuwa na madoa meusi yanayonata.

"Si unaona!" Othmar alidakia kutoka mlangoni. "Utomvu wa mti! Na kibanzi cha mti kichwani kwa marehemu! Alishika gogo huyu!"

"Ni mashada," Silvano alisema kwa uchovu. "Alhamisi jioni mimi na Gebhard tulisuka mashada ya ng'ombe ya kurudia nyumbani. Matawi ya msonobari, maua, utepe. Kumi na tisa. Utomvu hautoki kwa sabuni, mnajua wenyewe."

Ranalter alinusa vidole vile, akaviachia. Akaandika katika daftari lake dogo: *mashada 19, Alhamisi*. Akasimama.

"Inspekta," Silvano alisema, "mama yangu asiandikiwe barua bado. Nakuomba. Mpaka gari lifike."

* * *

Kwa Bi Zita supu ya shayiri ilikuwa tayari, na maneno pia. Mwenye baa huyu hajawahi kumnyima mtu kimoja kati ya hivyo viwili.

"Mtaliano ndiye," alisema akiweka bakuli mezani. "Kibao kile kililia mpaka mbwa wakabweka. Mwanamume akipigwa hivyo mbele za watu, hasahau."

"Wewe ungesahau?"

"Mimi ningemtilia chumvi kwenye bia. Lakini mimi ni mtu wa hapa." Alikaa bila kukaribishwa. "Anayenitia huruma ni Gebhard, maskini. Jumamosi kapoteza mtamba, Jumapili kaka. Mabaya yakija hayaji peke yake."

Kijiko cha Ranalter kilisimama. "Mtamba gani?"

"Nimjue vipi? Ng'ombe walipita hapo dirishani saa sita, uchi kabisa. Si shada, si utepe, si kengele kubwa. Tukajua wamepata msiba huko juu, mtamba kaanguka gengeni. Tukavua kofia. Gebhard hata hakuingia kunywa."

"Mlimwuliza?"

Bi Zita alimtazama vibaya. "Kwenu wanauliza?"

"Hawaulizi."

Kweli hawaulizi. Malisho yakipita salama, ng'ombe hushuka na maua. Akifa mnyama, au akifa mtu wa nyumba ile, hushuka wazi, nasi tunavua kofia na kufunga midomo hadi mwenyewe apate nguvu ya kusema. Mtu anayeuliza huitwa mchawi, hata kama ni padri.

"Bi Zita, nijibu polepole. Habari ya kifo cha Vinzenz hapa ilifika lini?"

"Jumapili, tunatoka misa. Mwindaji alikuja anakimbia."

"Jumamosi hakuna aliyejua?"

"Angejua nani? Hapa nyumba hadi nyumba ni nusu saa ya miguu." Alisita. "Mbona hunywi supu?"

Ranalter alikuwa ameshavaa kofia. Mashada yalisukwa Alhamisi, kumi na tisa, kwa hiyo Alhamisi hakukuwa na msiba. Jumamosi hayakuvaliwa. Kama kweli kuna mtamba aliyekufa katikati hapo, basi Mtaliano yuko palepale, na gari litamkuta. Kama hakuna, kuna mtu Jumamosi alikuwa akimlilia maiti ambaye bado hajaonekana.

"Nani anahesabu ng'ombe wakishuka?"

"Mzee Serafin, mkaguzi wa mifugo. Lakini ni juu kabisa, saa nzima, na mapafu yako ya mjini..."

Mlango ulishajifunga.

* * *

Mzee Serafin alikuwa anapasua kuni, naye hakuacha kupasua kwa sababu ya serikali.

"Daftari langu halijakosewa tangu vita," alisema. "Unataka nini nalo?"

"Ng'ombe wa Gstrein. Juni walipanda wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Jumamosi wameshuka wangapi?"

Mzee alipiga shoka juu ya gogo, akaliacha hapo, akaingia ndani, akatoka na daftari lenye jalada la ngozi. Aliweka kidole kinene kwenye mstari.

"Kumi na tisa. Mimi simhesabu ng'ombe kwa maua, namhesabu kwa alama ya sikio. Mmoja mmoja, pale lango la juu."

"Hakuna aliyekufa? Hata ndama?"

"Ingekuwapo ngozi. Mfugaji anaweza kumwacha mkewe juu huko, ngozi haiachi."

"Kwa hiyo uliona ng'ombe wote wapo, na hawana maua. Hukushangaa, mzee?"

"Nilishangaa. Nikasema moyoni, vijana wa siku hizi, uvivu umewajaa." Alifunga daftari, akalishika kwa mikono miwili. "Halafu nikamtazama Gebhard. Alikuwa amevua kofia. Mchungaji anayeshuka havui kofia, bwana. Sisi ndio tunaomvulia."

"Ulimwambia nani hayo?"

"Hakuna. Si umekuja wewe tu kuuliza?" Mzee alikaa juu ya gogo lake, rangi imemtoka kidogo. "Mungu wangu. Nimemshika yule mtoto siku ya ubatizo wake."

"Mzee, utasema haya mbele ya hakimu?"

"Daftari litasema. Mimi nitasimama tu pembeni yake."

Saa ya Ranalter ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Kutoka pale hadi boma la Gstrein ni kuteremka korongo na kupanda tena, mwendo wa karibu saa nzima. Hakuna aliyewahi kutujengea njia fupi. Ranalter alitembea kwa hasira, akitukana mawe kwa sauti.

* * *

Mama Kreszenz Gstrein alikuwa uani, nguo nyeusi, akisafisha hori la nguruwe. Miaka sabini na moja, mgongo umenyooka, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Mwanawe mkubwa alilazwa kanisani akisubiri mazishi. Mdogo alikuwa zizini. Chepeo lilisikika likikwaruza sakafu.

"Pole kwa msiba, mama."

"Nimeshapoa. Mmemchukua Mtaliano?"

"Saa kumi." Ranalter alitazama hori. Kwenye pembe, palipokauka, kulikuwa na kipande cha unga uliokaangwa, cha rangi ya dhahabu, chenye sukari. Alikiokota. "Andazi."

"Nguruwe hawachagui."

Kwetu ng'ombe wakirudi, mama wa nyumba hukaanga maandazi kapu zima, akagawa kwa kila aliyesimama njiani. Ranalter alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

"Ulikaanga lini, mama?"

"Jumamosi asubuhi. Kama kila mwaka."

"Nani alikula?"

Mama Kreszenz alisugua hori. Hakuinua uso.

"Nimeuliza nani alikula maandazi yako Jumamosi."

"Umeshayaona yalipo."

"Uliwapa nguruwe Jumamosi ileile. Kabla ya mwindaji. Kabla ya habari." Sauti ya Ranalter ilishuka. "Mtamba hakufa. Uliona nini, mama?"

Brashi ilisimama. Zizini chepeo nalo lilikuwa limenyamaza.

"Nenda ukaongee na mwanangu," alisema. "Mimi ni mwanamke mzee, nina kazi."

Gebhard Gstrein alikuwa amesimama katikati ya safu mbili za ng'ombe, mrefu, miaka thelathini na minne, ndevu hazijanyolewa. Alikuwa na uso wa mtu aliyemsikia mgeni tangu uani.

"Mtamba gani alikufa?" Ranalter aliuliza.

Gebhard alitazama mgongo wa ng'ombe wa karibu. "Falba. Mwekundu. Alianguka gengeni."

"Ngozi iko wapi?"

"Hapafikiki."

"Huyu hapa mwekundu, ana mkato wa sikio la kushoto, anaitwa nani?"

Gebhard alikwaruza sakafu kwa chepeo.

"Gebhard. Serafin amehesabu kumi na tisa. Mimi nimehesabu kumi na tisa sasa hivi nikiingia. Alhamisi mlisuka mashada kumi na tisa. Yako wapi?"

"Niliyachoma. Jumamosi alfajiri, Silvano bado amelala, kwenye moto wa sufuria ya jibini."

"Kwa nini?"

Gebhard aliegemeza chepeo ukutani kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima. "Unajua kwa nini. Wewe pia ni mtoto wa ng'ombe, nasikia kwa jinsi unavyouliza."

"Nataka nikusikie wewe."

"Alikuja kunikuta ukingoni. Nilikuwa na nyundo ya mti, ile ya nguzo, na fimbo ya Silvano ya kupimia. Akasema amewauzia malisho watu wa lifti, kiangazi kijacho hakuna kupanda. Nikamwambia nimekaa huko juu kila mwaka tangu nina miaka tisa. Akasema, 'Na sasa umepumzika.' Akageuka. Akanipa kisogo, Inspekta. Akawa anatazama mlima, anaonyesha kwa mkono minara ya lifti itasimama wapi." Alifuta viganja kwenye suruali. "Kwetu shamba halikatwi. Ni la mkubwa. Mdogo anapewa kitanda na kazi. Sikuwahi kulalamika, muulize yeyote. Nyundo ilipanda yenyewe, nikajiambia, na nikajua nasema uongo."

"Na fimbo?"

"Iliteleza naye nilipomsukuma. Sikuiweka pale makusudi."

"Lakini waliposema ni ya Silvano, ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Mtu umekula naye sahani moja miezi mitatu."

"Nilinyamaza, nimesema!" Ng'ombe waligutuka, minyororo ikalia. Gebhard aliweka mkono juu ya mgongo wa yule mwekundu hadi akatulia.

Ranalter aliandika, akafunga daftari. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuhitaji kwa hakimu, akaliuliza hata hivyo.

"Ungewavisha tu yale maua. Ng'ombe wangepita, watu wangekula maandazi, nami nisingekuwa hapa. Ulilijua hilo?"

"Nilikaa nayo tangu saa tisa za usiku. Nikamvisha wa kwanza. Nikamvua. Nikamvisha tena." Machozi yalimtoka bila sauti, wala hakuyafuta. "Kumtupa niliweza. Kupita mbele ya nyumba yetu na maua, ndugu yangu yuko kule chini, sikuweza. Hilo sikuweza."

Mama Kreszenz alikuwa amesimama mlangoni, ndoo mkononi. Hakuna aliyemsikia akija.

"Niliwaona wanatokea pale kwenye bega la mlima," alisema, akimtazama Ranalter, si mwanawe. "Wazi. Bila kengele. Nikawahesabu, wote kumi na tisa. Nikajua amekufa wangu mmoja. Nikatazama ni nani anatembea mbele, nikajua ni nani hayupo. Akaja akaniambia kaka yake amevuka mlima. Nikamwambia, haya, nawa mikono."

"Na Silvano, mama? Uliwaacha wamfunge."

"Nilikuwa nao wawili," alisema. "Akabaki mmoja. Ungekuwa wewe ungemtoa?"

Ranalter alitungua kamba ya ng'ombe ukutani.

* * *

Gari lilifika bomani saa kumi na robo, likiunguruma kwenye kona za mwisho. Othmar alimsubiri Ranalter, alipokata tamaa akampakia mshtakiwa na kupanda naye kuifuata saini, maana inspekta alikuwa ameonekana akielekea huko. Sasa alishuka akihema, akaona mikono ya Gebhard imefungwa kwa kamba ya ng'ombe, akafungua kinywa, akakifunga.

"Pingu ni moja tu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Basi ihamishe," Ranalter alisema.

Ikahamishwa pale uani, kutoka mikono ya mmoja hadi ya mwingine. Ufunguo ulimsumbua Othmar. Muda wote huo wale wanaume wawili walisimama karibu sana, na hawakutazamana. Gebhard alisema, "Silvano." Akasubiri. Mwenzake alisugua vifundo vya mikono, na Gebhard akaingia garini.

Ndani ya zizi ng'ombe walianza kulia. Saa yao ya kukamuliwa ilikuwa imefika, matiti yamejaa, na mnyama hajui habari za mahakama. Alianza mmoja, wakafuata wote. Silvano, mikono yake bado ina alama nyekundu za chuma, alipiga hatua tatu kuelekea mlangoni kabla hajajijua, kama alivyofanya kila jioni tangu Juni.

Mama Kreszenz alikuwa mlangoni. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akamnyoshea ndoo.

"Vidole vyangu havikunjiki tena," alisema. "Ng'ombe hawana kosa, Silvano."

"Hawana," Silvano alijibu. Aliipokea ndoo, akaishika kitambo. "Hata mimi sikuwa nalo, mama. Nawe ulijua."

Aliiweka chini, taratibu, miguuni pa mama huyo. Akageuka, akapita pembeni ya gari na kuanza kuteremka barabarani, bila begi, bila koti.

Ranalter alimwona mama yule akiinama kuokota ndoo, mara ya kwanza ikamponyoka, mara ya pili akaipata. Aliingia zizini. Akavuta kigoda kwa ng'ombe wa kwanza, kati ya wale kumi na tisa, akakaa.